Ukitaka kusoma habari za Mwezini, usianze na Armstrong

Mtu akiniomba kitabu kuhusu safari za Mwezini hutarajia nimpe cha Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi. Simpi. Wasifu wake ulioandikwa na James Hansen, First Man (2005), ni kazi nzito na ya kuaminika, lakini Armstrong alikuwa bahili wa maneno, na ubahili huo humshinda hata mwandishi hodari. Mimi hutoa Carrying the Fire cha Michael Collins, kilichotoka mwaka 1974.

Collins ndiye aliyebaki akiuzunguka Mwezi ndani ya chombo mama, Columbia, katika safari ya Apollo 11 ya Julai 1969, Armstrong na mwenzake Buzz Aldrin wakiwa chini. Katika kila mzunguko wa saa mbili hivi, kwa dakika kama 48 alikuwa nyuma ya Mwezi, kusikofika sauti ya mtu yeyote kutoka duniani. Watu walimhurumia kwa upweke. Yeye anasema hakuuona. Hofu yake ilikuwa nyingine: injini ya kuwanyanyua wenzake kutoka Mwezini ilikuwa moja tu, haina ya akiba. Ingegoma, angerudi nyumbani peke yake. Hayo yote aliyaandika mwenyewe, bila kukodi mwandishi, tena kwa ucheshi usiotarajiwa kwa rubani wa jeshi.

Kwa wasiopenda kusoma, ipo podikasti ya BBC World Service, 13 Minutes to the Moon, ya mwaka 2019, anayoisimulia daktari Kevin Fong. Inakufunza kwanza kazi ya kila sauti unayoisikia, ili dakika 13 za kushuka kwa Eagle, chombo kilichowateremsha Armstrong na Aldrin Mwezini, zikifika uwe unazielewa. Kompyuta inatoa tahadhari namba 1202. Armstrong anauliza maana yake. Huko Houston, Marekani, kwenye chumba cha uongozaji wa safari, jibu linategemea wahandisi vijana Steve Bales, miaka 26, na Jack Garman, miaka 24, aliyekuwa ameziandika tahadhari zote kwa mkono kwenye karatasi baada ya zoezi moja kuwaendea vibaya. Kompyuta imelemewa na kazi, lakini inaacha zisizo za lazima na kushika za muhimu. Jibu likawa: Endeleeni! Najua mwisho wake, na bado hunitoa jasho. Msimu wa pili, wa Apollo 13, safari ya 1970 iliyopata hitilafu njiani, ni mzuri, ingawa mimi naupenda wa kwanza zaidi.

Failure Is Not an Option cha Gene Kranz, mmoja wa wakuu wa uongozaji wa safari hizo huko Houston, kinaweza kusubiri. Kina mambo mengi ya ndani ya chumba cha uongozaji, ila kimejaa nidhamu na fahari mno, na jina lake limetokana na filamu ya 1995 kuhusu Apollo 13, si na maneno yaliyosemwa Houston mwaka 1970.

Dukuduku langu ni kwamba simulizi hizi karibu zote hutazama kutokea Marekani. Zanzibar ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wa Marekani uliotangulia Apollo, hadi kilipofungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Waliohudumu kwenye vituo vya namna hiyo hawapewi nafasi ya kutosha.

Na kama pesa yako inatosha kitabu kimoja tu cha safari zote za Apollo, nunua A Man on the Moon cha Andrew Chaikin (1994). Ni kinene. Ukichoka, rukia Apollo 15, pale wanaanga Scott na Irwin wanapoendesha gari Mwezini wakitafuta mawe kama wanajiolojia waliofundishwa vizuri.