Mashine ilitutua kinu, sembe tuliitaka wenyewe

Wanaosifia chakula cha bibi zetu huwa hawamtaji bibi mwenyewe akiwa kwenye kinu. Mahindi yanalowekwa, yanatwangwa, yanapepetwa, yanatwangwa tena, yanaanikwa. Viganja vinaota sugu, mtoto yuko mgongoni, na unga wenyewe utaisha keshokutwa. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini, mzigo huo ulishuka, na waliotuliwa ni wanawake na mabinti zao. Hayo kwangu ni maendeleo, na anayetaka turudi kwenye mchi aanze kutwanga yeye.

Ninachobishia ni kile kilichokuja pamoja nayo. Kwenye banda la mashine kuna kusaga na kuna kukoboa. Kwenye kukoboa, mahindi yananyunyiziwa maji kidogo na kupitishwa. Ganda na kiini vinatokea upande mmoja vikiwa pumba, punje nyeupe zinatokea upande wa pili. Sasa humo kwenye ganda na kiini ndimo yalimo mafuta, nyuzinyuzi, na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Pumba zinakwenda kwa kuku na nguruwe, sisi tunabeba sembe. Kisha mama mjamzito anakwenda kliniki kupewa vidonge vya kuongeza damu.

Hakuna mashine iliyotulazimisha. Tuliupenda weupe, tukaupa hadhi. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, tukaiachia mabweni na magereza, na hadi leo wapo wanaoona aibu kumpakulia mgeni.

Mwaka 2013 Tanzania ilizindua mpango wa kurutubisha unga, viwanda vikubwa viurudishie madini na vitamini. Ni jambo jema, ila unga mwingi wa mahindi tunaokula hautoki huko, unatoka mashine za mtaani.

Wapo wanaoitetea sembe kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi, na hoja yao ni nzito. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na kukoboa kweli huipunguza, kwa kuwa hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Lakini kinga yake inaanzia shambani na ghalani: mahindi yakauke barabara, yasianikwe kwenye udongo mtupu, yaliyooza yachambuliwe. Tukitegemea kukoboa tu, pumba zenye sumu tunawalisha kuku ambao mayai yao tunayala.

Kwamba dona huchacha upesi, ni kweli, mafuta ya kiini ndiyo sababu. Hilo lilikuwa tatizo kubwa enzi za kutembea nusu siku kufuata mashine. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika vijiji vingi, mashine imesogea. Mtu anaweza kusaga kidogo leo na kurudi wiki ijayo. Hata shule inaweza. Kamati ya chakula ikikaa kupanga ugali wa muhula, mahindi yakaguliwe, yasagwe bila kukobolewa, na hela ya kukobolea iongezwe kwenye maharage.