Wimbo unakupa neno la kusemea

Watu wanapenda kusema nyimbo za kupinga "zinaelimisha jamii". Mi hiyo kauli inanichosha kidogo, maana nani alisubiri wimbo ndo ajue kuna rushwa au zahanati haina dawa? Hayo tunayajua siku zote. Wimbo kazi yake ni kukupa neno la kusemea.

Cheki Remmy Ongala na Mambo kwa Soksi. Enzi zile ukimwi unamaliza watu, we ungetaja kondomu mbele ya mkweo? Remmy akaimba soksi, Radio Tanzania wakagoma kuupiga, ila neno ndo lishatoka hivyo, watu wanacheka huku wanaongelea kitu ambacho jana yake kila mtu alikuwa anameza mate tu.

Halafu kuna Ndiyo Mzee ya Professor Jay, 2001. Mgombea anamwaga ahadi, wananchi wanaitikia, basi. Miaka fulani mtaani kwetu mgombea udiwani kapanda juu ya meza waliyoazima kwa mama ntilie, anaahidi lami mpaka kwenye kichochoro ambacho bajaji mbili zikikutana lazima moja irudi rivasi, dogo mmoja huko nyuma akaitikia "ndiyo mzeee!", aisee watu walicheka mpaka mgombea mwenyewe akacheka, ila leso aliitoa mara mbili, na kuanzia hapo kila ahadi ikawa inaitikiwa hivyohivyo mpaka akashuka. Na hakuna aliyemtukana.

Ndo maana hizi nyimbo za kuorodhesha, rushwa mbaya, madawa mabaya, vijana tubadilike, kwangu hazipandi. Unasikia kabisa hii imetoka semina.

Kufungia nako ni kuupa wimbo promo ya bure. 2017 msanii Nay wa Mitego kakamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, Basata, lile baraza la sanaa la taifa, wakaufungia, mama yangu mdogo ambaye yeye na taarabu, taarabu na yeye, siku hiyohiyo ananiambia mwanangu nirushie huo wimbo WhatsApp. Baadae Rais Magufuli mwenyewe akataka jamaa aachiwe, na ushauri wa vitu vya kuongezea akatoa.

Turudi kwa Jay, 2015 akagombea kweli na akashinda, mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema. Huwa najiuliza alikuwa anajisikiaje pale jukwaani, unaahidi maji, halafu unanyamaza kidogo kusikilizia huko nyuma wataitikia nini.