Mbavu za Mbwa za Quedlinburg

Kwetu Muheza, siku baba alipobomoa nyumba ya mbavu za mbwa na kusimamisha ya tofali, tulichinja mbuzi. Nawaambieni mapema ili mwelewe aibu iliyonikuta.

Nilikuwa nasoma Ujerumani, nikapata chumba cha kupanga Quedlinburg, karibu na milima ya Harz. Mji wenyewe ukiuona utadhani umechorwa. Nyumba zaidi ya 2,000 za mbao zilizopishana kwenye kuta nyeupe, za njano, za rangi ya tofali. UNESCO wakautia kwenye urithi wa dunia mwaka 1994. Wenyewe mtindo huo wanauita Fachwerk. Ghorofa ya juu imechomoza mbele ya ile ya chini, na inayofuata imechomoza zaidi, mpaka kwenye vichochoro unaona majirani wanaweza kuombana chumvi dirishani. Nikapiga picha, nikamtumia mama, nikatamba.

Dalili zilikuwepo, nikazidharau. Mlango wa chumba ulinigonga paji la uso siku ya kwanza, siku ya pili, na siku ya tatu huku najikumbusha kuinama. Sakafu nayo imelala upande: chungwa likianguka, unalifuata uvunguni. Bibi mwenye nyumba, mtu wa miaka sabini na ushei, alinisimulia kwa fahari kwamba boriti zote ni za mwaloni, zimechomekwa na kukazwa kwa vigingi vya mti. Maseremala waliziunganisha kwanza uwanjani, wakachonga alama ili kila mti umjue mwenzake, ndipo wakaja kuzisimamisha. Mtaa wa Wordgasse ipo nyumba ya karne ya 14 ambayo nguzo zake zimepanda mti mmoja kutoka chini hadi paani. Karne ya 14! Kwetu mchwa wangeshaimaliza na kuulizia nyingine.

Nikamuuliza, na katikati ya hizo mbao mmejaza nini? Akajibu kwa neno la Kijerumani nisilolijua. Nikaitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu darasani.

Jumamosi moja nikataka kutundika kalenda. Nyundo ya kuazima, msumari mmoja. Pigo la kwanza ukuta ukaitika "bu". La pili, kipande kikubwa kama ungo kikaporomoka chote, chumba kikawa vumbi tupu. Lilipotulia nikachungulia shimo. Fito! Fito zimesimama, nyembamba zimesukwa katikati yake, na udongo uliochanganywa na majani makavu. Kwenye udongo uliobaki ilionekana michirizi ya vidole vya yule aliyekandika. Nimepanda ndege, nalipa kodi kwa yuro, kumbe nalala kwenye mbavu za mbwa.

Nikasikia ngazi zinalia. Bibi anapanda, pole pole, magoti yake na zile ngazi umri mmoja. Nikachomoa kanga aliyonifungia mama sandukuni, nikaibandika juu ya shimo kwa selotepu. Bibi akaingia, akaipenda kanga, akauliza hayo maandishi yanasemaje. Yalisema: "Siri ya mtungi aijuaye kata." Basi nikaanza kutafsiri kwa Kijerumani changu cha miezi mitatu: mtungi ni chombo cha maji, ndani yake kuna siri… Nilipofika kwenye kata, selotepu ikaachia.

Hakupiga kelele. Angepiga, ningepumua. Alivaa miwani, akalitazama shimo, akanitazama mimi. Akasema nyumba hii inalindwa kisheria, hata dirisha habadilishi bila kibali. Ilipona vita. Ikapona serikali ya Ujerumani Mashariki, iliyowahi kupanga kubomoa mji mkongwe ikakosa pesa. Hakumalizia, lakini msumari ulikuwa bado mkononi mwangu.

Usiku nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sura hivyo?"

Nikamwonyesha ukuta kwenye simu. Akanyamaza, akaisogeza simu puani. "Hizo si fito?"

"Ni fito, mama."

"Baba Hamisi! Njoo uone alikopangiwa mwanao!"

Jumatatu akaja fundi na mfuko wa udongo. Udongo wa dukani, umepimwa kilo, una bei kama sembe ya daraja la kwanza. Nilicheka peke yangu, halafu nikakumbuka mlipaji ni nani. Akasema ule ulioanguka hautupwi: unalowekwa, unakandwa upya, unarudi ukutani, wa mfuko ni wa kujazia tu. Alipoanza kuukoroga kwa mwiko nikashindwa kuvumilia. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia kwenye beseni kukanyaga kama nilivyofundishwa na bibi mzaa mama. Fundi akasimamisha mwiko. Tukakandika wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, na wangu ukatangulia kwisha.

Ukuta ulichukua wiki kadhaa kukauka, mimi nikilala na koti. Kalenda niliitundika kwenye boriti, baada ya ule mwaloni kunikunjia misumari minne.

Bibi naye akatangaza mtaani. Wiki iliyofuata mzee wa nyumba ya pili akabisha hodi, anao ufa jikoni. Mama akapiga nikiwa ndani ya beseni.

"Hivi huko ulienda kusomea nini?"

"Uhasibu, mama."

"Na hayo matope?"

"Mazoezi kwa vitendo."