Dhahabu ya Kibali na mstari mmoja wa hesabu

Mgodi wa Kibali, kaskazini-mashariki mwa Kongo, una wabia watatu: Barrick asilimia 45, AngloGold Ashanti asilimia 45, na SOKIMO ya serikali asilimia 10. Fungua taarifa za fedha za AngloGold za mwaka 2020 uyatafute mauzo ya Kibali kwenye mapato ya kampuni. Hayamo. Mauzo ya mgodi wa Geita, Tanzania, yamo yote, maana Geita ni yao peke yao. Kibali imepewa mstari mmoja kwenye faida na mstari mmoja kwenye mizania, basi.

Ndivyo inavyotaka IFRS 11, kanuni ya kimataifa ya hesabu za ubia, iliyoanza kutumika 1 Januari 2013. Kabla yake, kanuni ya zamani, IAS 31, ilimruhusu mbia achukue fungu lake la kila kitu, mauzo, mitambo, madeni na fedha taslimu, alijumlishe na vyake. Waliofuta ruhusa hiyo wana hoja nzito: mwenye asilimia 45 hawezi kuuza asilimia 45 ya mtambo wa kusaga mawe, wala kuchota fedha benki mwenzake asipokubali. Na mwaka huo huo wa 2020 AngloGold ilikuwa ikiwaeleza wawekezaji kwamba fedha zake za Kibali zimekwama Kongo. Kwa utaratibu wa zamani, fedha hizo zingehesabiwa pamoja na zile ambazo kampuni inaweza kulipia mishahara kesho asubuhi. Kwangu mimi, mfano huo unatosha kuitetea kanuni.

Lakini wanaoilalamikia nao hawabahatishi. Mstari mmoja unameza madeni: kampuni ikikopa kupitia ubia, mizania yake inabaki nyepesi. Halafu kuna mkanganyiko wa wakia. Taarifa ya uzalishaji inajumlisha asilimia 45 ya dhahabu ya Kibali, mapato hayaijumlishi. Anayegawa mapato kwa wakia zote anapata bei ya dhahabu isiyokuwepo soko lolote. Ili kuziba pengo, kampuni zinatunga vipimo vyao wenyewe, nje ya viwango, na fungu lililofukuzwa mlangoni linaingia dirishani.

Twiga Minerals ni kioja kingine. Magazeti huiita ubia, na kwa lugha ya kawaida ni ubia kweli: Barrick asilimia 84, serikali ya Tanzania asilimia 16. Kihesabu sivyo, kwa sababu ubia wa IFRS 11 unadai maamuzi makubwa yapitishwe kwa ridhaa ya wote wenye udhibiti, na hapa mwenye udhibiti ni mmoja. Kwa hiyo Barrick inaingiza migodi ya North Mara na Bulyanhulu yote mia kwa mia, kisha inaitenga asilimia 16 kama haki ya wanahisa wachache. Anayeitafuta humo ile ahadi ya Barrick na serikali kugawana manufaa nusu kwa nusu hataiona, maana mgawo huo unahesabu pia kodi na mrabaha.

Mwenye 84 anaonyesha 100, mwenye 45 haonyeshi mauzo yoyote. Hata hivyo nisingerudisha mafungu. IFRS 12, kanuni ya maelezo yanayoambatana na hesabu, tayari inalazimisha fedha, madeni, riba na kodi za kila ubia mkubwa zitajwe, pamoja na vizuizi vya kuhamisha fedha. Tatizo ni kwamba hayo huzikwa kwenye maelezo ya mwisho, kurasa nyingi mbali na faida inayotangazwa. Afadhali deni la ubia na fedha zilizokwama viandikwe chini ya ule mstari wenyewe, kwenye ukurasa ambao mwanahisa anausoma.