Miaka minne tumeshikana mikono, ananiuliza kama nimekuja kutembea

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, bibi mmoja alinimiminia kahawa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Umekuja kututembelea?"

Nikamwambia nasali hapo mwaka wa nne sasa. Akashtuka, akaomba radhi, akanisogezea sahani ya keki. Na robo saa tu iliyopita tulikuwa tumesimama duara mbele ya madhabahu! Katika usharika huu wa Leipzig, Ujerumani, mkishapokea mkate na kikombe mnashikana mikono wote, mchungaji anawaambia nendeni kwa amani. Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa wa bibi huyo. Naujua vizuri, una pete mbili kwenye kidole kimoja na huwa wa baridi hata Julai.

Kwenye tramu nilikuwa na hasira hadi nikapitiliza kituo.

Mimi ni mtoto wa Old Moshi, Mlutheri tangu tumboni. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mmoja aliyekuja baadaye, Bruno Gutmann, aliishi kwetu Old Moshi hadi 1938, akishikilia kwamba usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika, mambo aliyoyakuta kwa wazee wetu. Basi nilipopata kazi ya uuguzi hapa nilifurahi. Nilidhani nakwenda kwenye chemchemi yenyewe.

Kwetu ukikosa jumuiya Jumamosi mbili, ya tatu unasikia hodi. Mnaijua ile saa kumi na mbili asubuhi, viatu vimejaa mlangoni, nusu ya watu bado wana usingizi, neno limeshasomwa, halafu mzee anauliza: "Mama fulani haonekani, nani amepita kwake?" Papo hapo watu watatu wanapangwa. Mama yangu alipofanyiwa upasuaji, mtori ulifika kwenye hotpoti kabla hatujajua nani kaupika. Mimi ushirika nauelewa hivyo: ukipotea, mtu anakufuata. Matendo 2:42 inauweka ushirika pamoja na fundisho la mitume, kuumega mkate na kusali, nasi tunausoma harakaharaka kana kwamba maana yake ni kukaa kwenye mabenchi ya kanisa moja.

Januari hii niliteleza kwenye barafu, nikavunjika kifundo cha mguu. Wiki sita ndani, Jumapili sita, na hakuna muumini hata mmoja aliyebisha hodi. Jarida la usharika ndilo lililofika, limechapwa vizuri, lina ratiba ya kwaya.

Najua mtakayoniambia. "Si ulikimbilia Ulaya mwenyewe? Kanisa la huko limekufa." Hapana, hilo nalikataa. Wiki ya tano nilimpigia simu mchungaji. Alikuja jioni ileile kwa baiskeli, akakaa saa mbili, akaniombea, na wakati wa kuondoka akashusha takataka zangu. Na hakuwa na daftari la michango! Huku mchango wa kanisa unakatwa pamoja na kodi. Hapa jimbo la Saxony ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Mchungaji akiingia kwako hana cha kukudai, na wewe humtazami mikono. Nililia alipoondoka, si kwa maumivu ya mguu.

Maana niliwahi kusali mahali pengine kule nyumbani, kanisa sitalitaja, ambapo jirani yetu alifiwa na mumewe, na waliokuja kumpa pole walianza kwa kufungua daftari la ahadi kuangalia amelipa hadi mwezi gani. Alikuwa na bahasha za miezi minane hajazirudisha. Mazishi yakasubiri hadi mwanawe alipotuma pesa. Mimi ndiye niliyeshika simu ya yule mama akisubiri ujumbe wa muamala uingie. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Huo ni utaratibu," mtasema. "Kanisa litajengwa na nani? Wewe una euro, unatucheka." Simcheki mtu. Kila bati la kanisa letu lilitoka mfukoni mwa mkulima wa kahawa na ndizi, nalijua hilo kuliko Mjerumani yeyote. Hata mnada wa baada ya ibada naupenda. Yai moja linanunuliwa, linarudishwa mezani, linanunuliwa tena mara nne, mwisho anapewa bibi asiye na kuku. Pale pesa na upendo vinakwenda pamoja na hakuna anayeaibika. Daftari mbele ya maiti ni kitu kingine kabisa, na anayeniita mwenye kiburi kwa kulisema aniambie kwanza kama naye angekubali mama yake afanyiwe hivyo.

Hasira yangu ya kwenye tramu ilipopoa nikaona jambo moja: na mimi jina la yule bibi sikulijua. Miaka minne. Nikampigia mchungaji aniombee ruhusa ya kwenda, maana huku anwani ya mtu haitolewi ovyo. Jumatano nikapika mtori, nikaenda.

Pete ya pili ni ya marehemu mumewe. Wote wawili walikuwa wakienda kwenye maombi ya amani ya kila Jumatatu pale Nikolaikirche, kanisa la Mtakatifu Nikolai hapa mjini, na tarehe 9 Oktoba 1989 walikuwemo kati ya watu wapatao 70,000 waliojaa barabarani kuipinga serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, hawajui kama wangepigwa risasi. Nikamuuliza: watu waliothubutu hivyo wanashindwaje kuuliza jirani anaishi wapi? Akakaa kimya kidogo. Akasema zamani aliyeuliza unaishi wapi, nani anakutembelea, mbona hukuonekana, ndiye aliyekuwa anapeleka habari zako kwa usalama wa taifa wa serikali ile. "Tulijifunza kumheshimu mtu kwa kutomuuliza."

Akala mtori wote. Halafu akaniambia aliona sipo, kuanzia Jumapili ya kwanza. Alidhani nimerudi kwetu moja kwa moja, ndiyo maana aliponiona tena akaniuliza kama nimekuja kuwatembelea. Kwa wiki hizo sita alikuwa ananiombea kila usiku nifike salama Afrika, na mimi nimelala vituo vitatu vya tramu kutoka mlangoni kwake.