Rudisheni kapaipu ka betri

Mpwa wangu anaendesha teksi ya kuitwa kwa programu ya simu hapa Nairobi, Toyota Prius ya mtumba kutoka Japani, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme. Juzi alinipigia simu kuniuliza kama panya anaweza kufia ndani ya gari asionekane. Abiria walikuwa wamelalamika. Harufu ya mayai yaliyooza, akasema, na inazidi kila akikwama kwenye foleni. Nikamwuliza kama amebadilisha betri. "Ndiyo, Anko. Ilikufa nikiwa Ngara, fundi akaniwekea ingine palepale."

Alipoleta gari tulifungua buti, tukainua sakafu yake upande wa kulia. Tulikuta betri ya kawaida, ya kuwekwa chini ya boneti. Kipaipu cha kutoa hewa, kile ambacho Toyota walikipitisha mpaka nje chini ya gari, kilikuwa kimekunjwa na kufungwa pembeni kwa tepu nyeusi ya stima. Hakikuwa kimeunganishwa na chochote, kwa sababu betri yenyewe haikuwa na tundu la kukipokea. Tukampigia fundi. Alijibu kwa utulivu kabisa: "Hako kapaipu hakana kazi, bosi. Si gari inawaka?"

Jibu hilo limeninyima usingizi, na ndilo limenifanya niandike.

Kwanza, Prius kuwaka si ushahidi wa kitu. Gari hilo halina stata ya kuzungushwa na betri ndogo. Betri ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei, yaani swichi za umeme. Injini huzungushwa na ile betri kubwa ya haibridi. Kwa hiyo betri ndogo inaweza kuwa mgonjwa mahututi na gari bado likasema liko tayari. Mpwa wangu alikuwa akiomba jampa, zile waya za kuazima umeme wa gari lingine, asubuhi kwa majirani na kudhani ni baridi ya Julai. Tulipoipima betri ile "mpya", seli moja kati ya sita ilikuwa imepiga shoti. Fikiria maana yake: volti 14 za kuchaji, zilizopaswa kugawanywa kwa seli sita, zilikuwa zinagawanywa kwa tano. Badala ya volti 2.3 hivi kwa kila seli, 2.8. Hapo betri inachemka. Ilikuwa inachemka nyuma ya kiti cha abiria, siku nzima, barabarani.

Betri ikichajiwa hata baada ya kujaa, umeme huanza kuyavunja maji yaliyomo ndani yake kuwa haidrojeni na oksijeni. Chini ya boneti gesi hizo hupeperuka na hakuna anayejua. Kwenye buti haziendi popote. Haidrojeni huanza kushika moto ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na huendelea kuwaka mpaka asilimia 75. Mvuke wa petroli ukipita asilimia 8 hivi hauwaki tena, lakini sote tunauogopa, hatuvuti sigara kituoni. Haidrojeni hatuioni wala hatuinusi, na cheche inayohitaji ni ndogo kuliko ile inayokurukia ukivua sweta. Swichi ya taa ya buti inatosha. Tamino, yaani pale waya unapofungwa kwenye betri, isiyokazwa inatosha, na nani hajaona tamino iliyochomekewa msumari ili ibane?

Harufu aliyoisikia mpwa wangu ilitoka kwa gesi nyingine, haidrojeni salfaidi, ambayo hujitokeza betri inapopikika. Hiyo ni sumu. Mbaya zaidi, pua huizoea, na ikiwa nyingi huua kabisa uwezo wa kunusa. Dereva aliyekaa nayo tangu alfajiri ndiye wa mwisho kuisikia. Abiria aliyepanda sasa hivi ndiye anayekunja uso, naye anaona haya kusema.

Sasa weka hayo yote Nairobi. Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, gari halisongi, madirisha yamefungwa kabisa kwa sababu kuna kijana anayepita kati ya magari akitafuta simu ya kunyakua. Au mvua ya Aprili inapiga, kioo kina ukungu, dereva amewasha hewa ya kuzunguka ndani kwa ndani. Prius haina ukuta kati ya buti na abiria. Unachokiweka pale nyuma unakivuta kwenye mapafu. Kwenye kiti hicho cha nyuma huketi mama aliyetoka kliniki na mtoto wa wiki tatu. Fundi aliyesema kapaipu hakana kazi hakumfikiria mtoto huyo, na sisi tunaomlipa hatukumwambia amfikirie.

Najua pingamizi litakalokuja. Betri inayofaa gari hili, ile iliyozibwa yenye asidi iliyonyonywa na nyuzi za kioo, huirudisha gesi yake kuwa maji, kwa hiyo siku ya kawaida kipaipu hakipitishi kitu cha maana. Ni kweli. Nakubali hilo shingo upande. Lakini betri hiyohiyo ina vali, na vali hiyo hufunguka pale presha inapozidi. Kipaipu kiliwekwa kwa ajili ya siku mbaya, na siku mbaya haitangazi tarehe.

Pingamizi la pili ni bei, na hapa pia sina budi kukiri kwamba betri sahihi ni ghali kiasi cha kumwumiza dereva ambaye programu inamkata kamisheni na mwenye gari anadai hesabu ya siku. Fundi naye analipwa kwa kazi, hajawahi kufundishwa na mtu, na mteja amesimama kichwani mwake akimharakisha. Nayaelewa. Hayaondoi gesi kwenye buti.

Kinachohitajika si utaalamu wa ajabu. Tazama namba ya betri iliyotoka kiwandani. Za Prius zenye betri kwenye buti huanza na S, kama S46B24R au S34B20R. Ile 24 au 20 ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha upande wa chanya. Ukipewa L mahali pa R, waya hazitafika, na nimewaona watu wakizivuta mpaka zifike. Karibu na sehemu ya juu ya betri inayofaa kukaa ndani ya gari kuna tundu dogo kwenye ubavu, pengine kila upande. Tundu moja hupokea kipande cha plastiki kilichopinda, nacho hushika kipaipu. Tundu la pili, kama lipo, huzibwa kwa kizibo chake. Watu wengi hukosea hapo hata baada ya kununua betri nzuri: wanaunganisha kipaipu upande mmoja na kuacha upande wa pili wazi, gesi ikaendelea kutoka humohumo ndani. Wengine wanaziba pande zote mbili, betri ikavimba. Vipande hivyo viwili vya plastiki mara nyingi hubaki kwenye betri kuukuu na kuondoka nayo. Vitoe kabla fundi hajaibeba.

Mpangilio wa kazi wenyewe ni huu. Zima gari, uweke ufunguo wa smati mbali nalo, na uiache buti wazi muda kidogo hewa ipite. Usimulike kwa kiberiti, na hilo nalisema kwa sababu bado linafanyika. Spana ya 10, anza na hasi. Daima hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti kubwa mbele ya uso wako, juu ya kitu kilichojaa asidi. Kisha chanya, kisha uchomoe kipaipu kwa upole, kisha chuma kinachoishikilia betri. Kurudisha ni kinyume chake: betri ikae imara, kipaipu kirudi mpaka kibane, ufuate mkondo wake kwa vidole uhakikishe hakijajikunja na kimetokeza nje chini, halafu chanya, na hasi iwe ya mwisho kabisa. Ukimaliza pima. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; gari likiwa linachaji, kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa inapanda kupita 14.8 na kubaki huko, tatizo lako halikuwa betri, na hiyo mpya itapikwa pia.

Kile chuma cha kushikilia betri kisibadilishwe na kipande cha tyubu. Barabara zetu zina mashimo na matuta; betri iliyofungwa kwa mpira hucheza, hulala ubavu, humwaga.

Kuna tabia nyingine ya gereji inayonikasirisha karibu kiasi hichohicho: kung'oa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, eti kujaribu alteneta (jenereta inayochaji betri), au eti redio isijifunge. Naelewa hofu ya redio. Redio za magari mengi ya Japani zikikatwa umeme huomba namba ya siri ya kuzifungua (ERC), na kuipata ni gharama na usumbufu. Lakini ukichomoa betri alteneta ikiwa inatoa umeme, volti huruka ghafla kupita 40, na zinaingia kwenye kila kompyuta iliyo ndani. Redio itakuwa salama na kompyuta ya injini imekufa. Kuna vifaa vya kushikilia umeme kidogo wakati wa kubadilisha betri, na kama huna, andika namba yako ya redio mahali kabla gari halijaharibika.

Jampa nazo zina mambo yake. Kibano cha mwisho, kile cheusi cha gari lililokufa, kisiwekwe kwenye tamino ya betri. Kiweke kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, kwa sababu cheche hutokea pale kibano cha mwisho kinapogusa, na hutaki itokee juu ya gesi. Kwenye Prius hata huna haja ya kufika buti. Toyota wameweka sehemu ya chanya ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, kwa ajili hiyo, maana betri ikifa mlango wa nyuma wenye kufuli la umeme haufunguki. Waya za rangi ya machungwa usiziguse kwa sababu yoyote. Hizo zina volti 200 na zaidi.

Wenye BMW, betri zenu nyingi ziko buti pia, zina kipaipu pia, na nyingi za miaka ya karibuni zinataka kompyuta iarifiwe kuwa betri imebadilishwa ili ichaji inavyofaa. Asidi ikikurukia machoni ni maji safi mengi, dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye tamino huoshwa kwa maji yenye magadi, ukiwa na glavu.

Lakini kama ningepewa dakika tano na wauzaji wote wa betri wa Kirinyaga Road na Industrial Area, nisingezungumzia lolote kati ya hayo. Ningewaomba wabadilishe swali la kwanza wanalomwuliza mteja. Leo ni "una bajeti ya ngapi?" Liwe "betri ya gari lako inakaa wapi?" Akijibu buti, au chini ya kiti, asiuziwe betri isiyo na tundu la hewa, hata akilia. Na wakaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanaochunguza taa na breki za teksi, nawasihi wainue ile sakafu ya buti. Haichukui hata dakika moja.

Betri kuukuu mrudishie muuzaji, upunguziwe bei. Usimpe yeyote anayepita na mkokoteni. Ile ya mpwa wangu, stika ilikuwa mpya na mwili ulikuwa umekwaruzwa pande zote. Naamini ilishaishi maisha mengine kabla ya kuletwa kwake. Na zile zinazoyeyushwa ovyo, Wakenya tunajua zinafanya nini. Kule Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri za magari yaliingia kwenye damu za watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigana mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi haikuishia hapo, na wakati huo wote risasi ilibaki mwilini mwa watu.

Kama umebadilishiwa betri mwaka huu na gari lako huiweka ndani, nenda ukaangalie leo. Inua kifuniko, tafuta kipaipu cheusi chembamba, ukifuate kutoka ubavu wa betri mpaka kinapozama sakafuni. Angalia na upande wa pili kama kuna kizibo. Ukikuta kinaning'inia, au hukioni kabisa, endesha na madirisha wazi mpaka kwa aliyekuuzia, mwonyeshe, na usiondoke hapo bila betri yenye tundu na kipaipu kilichochomekwa.