Utafiti wa tiba Nairobi: saa za mhadhiri zinanunuliwa na nani?

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Mwezi Mei mwaka huohuo NIH, wafadhili wakubwa wa utafiti wa afya nchini humo, wakatangaza kwamba vyuo vya Marekani havitawagawia washirika wa nje ruzuku mpya mpaka utaratibu ubadilishwe. Hapa Nairobi ubishi wa zamani juu ya utafiti unaofadhiliwa na wageni ukafufuka. Kuna waliosema afadhali, maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wengine wakasema utafiti wa tiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi umekatwa mshipa. Naona kweli kwa wote wawili, lakini wote wanahesabu pesa za miradi, na mimi nadhani kidonda kiko kwingine.

Nianze na wanaoutetea ushirikiano, kwa sababu hoja yao ina watu ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akina mama wenye virusi vya UKIMWI walikabiliwa na uamuzi mgumu: kumnyonyesha mtoto na kuhofia kumwambukiza, au kumpa maziwa ya kopo na kuhofia kuhara na utapiamlo. Profesa Ruth Nduati wa Nairobi pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwaandikisha wajawazito 425 jijini humu, kura ikaamua nani atanyonyesha na nani atatumia kopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kufikia umri wa miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, dhidi ya asilimia 20.5 wa kundi la kopo, ilhali vifo havikutofautiana sana. Pesa zilitoka Marekani, lakini swali lilikuwa la mama wa Nairobi, na mtafiti aliyelishughulikia aliendelea kufundisha madaktari wa watoto hapahapa.

Wanaopinga nao wanakuelekeza Majengo, Pumwani. Tangu katikati ya miaka ya 1980 wanawake wanaofanya biashara ya ngono huko wamekuwa wakitoa damu kwa watafiti wa Nairobi na wa Manitoba, Kanada. Wachache wao hawakuambukizwa virusi licha ya kukutana navyo kwa miaka mingi, na kinga yao ikasaidia kubuni chanjo ambayo Nairobi na Oxford walianza kuijaribu hapa mwaka 2001. Kabla ya hapo ulizuka mzozo mchungu: hataza ya chanjo, yaani haki ya kuimiliki kama uvumbuzi, ilikuwa imeombwa Uingereza bila Nairobi kuwamo. Baadaye walikubaliana kugawana haki, na chanjo yenyewe haikuamsha kinga ya kutosha. Bado, ukikumbuka damu ilitoka kwa nani, huwezi kuwaambia wanaokasirika kwamba wanalalamika bure.

Ni haki kusema mambo yalirekebishwa kiasi. MEPI, mpango wa Marekani wa kukuza elimu ya tiba Afrika, ulioanza 2010 kwa dola milioni 130 za miaka mitano, ulipeleka ruzuku moja kwa moja kwa taasisi 13 za Afrika, Nairobi ikiwamo.

Sasa mfikirie mhadhiri kijana aliyemaliza uzamivu. Asubuhi yuko kwenye raundi ya wadi katika Hospitali ya Kenyatta, mchana ana darasa, kisha tasnifu za wanafunzi wa uzamili zinamngoja. Jioni anakwenda kliniki ya binafsi, kwa kuwa karo ya watoto lazima ilipwe. Atafanya utafiti saa ngapi? Ruzuku ya nje, pamoja na vifaa, humnunulia saa hizo. Anayenunua saa ndiye anayechagua swali, hata akiwa na nia njema kabisa. Mkataba ukiisha, saa zinarudi wadini na swali linabaki njiani.

Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Ahadi hiyo haijatimizwa. Naelewa anayeuliza kwa nini tulipie saa za mtafiti wakati mgonjwa anatumwa nje kununua dawa. Swali hilo lina uzito, na sitaki kulipita haraka. Lakini ninachokiomba hakihitaji jengo wala mashine: siku mbili kwa wiki zilizolindwa, zikilipwa na serikali, kwa wahadhiri wachache wanaoshindanishwa kwa maswali yao.

Kuna nguvu kazi nyingine iliyolala. Kila daktari anayesomea ubingwa huandika tasnifu, mara nyingi kwa pesa zake, kwa miezi michache, juu ya mada iliyochaguliwa kwa kuwa itakamilika upesi. Mhadhiri mwenye muda angeweza kuwapanga watano, mmoja kila mwaka, wawafuatilie wagonjwa walewale: tuseme kina mama waliopata shinikizo la damu wakiwa wajawazito, tujue mioyo yao iko vipi baada ya miaka mitano. Hakuna mgeni anayehitajika kwa hilo.

Majaribio makubwa ya chanjo bado yatataka pesa ambazo Nairobi haina, na sioni aibu kuzipokea. Ila ningependa mkataba ujao usomwe na mtu ambaye mshahara wake hautegemei kuutia sahihi.